Ng'ombe Sitini na Wanne

Utange, Kisauni
19 Desemba 2024

Mwanangu Nadira,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii yakukuta una afya, na kile kikohozi cha baridi ya Ngong kimekutoka. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mkono wa kulia waniuma kwa kushika kamba jana kutwa.

Kazi yako ya kujaribu chanjo imeanza. Kahindi, daktari wetu wa mifugo, alifika saa mbili asubuhi na kasha la barafu na karatasi zake, akaanzia kwangu kwa sababu wenzangu wote walisema, tuwaone kwanza ng'ombe wa Bi Johari. Wallahi walijipanga uani kwangu kama watu waliokuja kutazama harusi. Zafarani alidungwa shingoni wala hakutikisa sikio. Marjani alimpiga Kahindi teke la paja. Kidoti alitaka kuruka ua. Basi walipoona wote watatu wamerudi kula majani, ndipo Ngumbao akasema, haya daktari, njoo na kwetu. Hata kufika alasiri zilikuwa zimeingia nyumba kumi na tatu. Kahindi amehesabu ng'ombe sitini na wanne, kila mmoja na hereni ya njano sikioni.

Lakini nataka ujue jambo moja. Watu hawa hawakuingia kwa ajili ya kituo chenu cha utafiti. Hawakijui. Waliingia kwa sababu nilipita mlango kwa mlango nikawaambia kazi hii ni ya Nadira, binti ya kakangu Talha, niliyemlea mimi tangu babake alipofariki, mliyekuwa mkimuona akienda madrasa kila siku. Mbeyu aliniuliza mbele ya watu, "Bi Johari, wewe wamwamini?" Nikamjibu, "Nimemlea kwa mikono hii, nisimwamini?" Akacheka, akaweka sahihi.

Sasa nami nina swali. Kahindi asema nyumba nyingine zimepata chanjo mpya na nyingine zimepata ile ya siku zote, na yeye mwenyewe hajui ni zipi. Mimi nimepata ipi? Niambie, sitamwambia mtu.

Naandika kwa sababu ukiwa kwenye simu wewe husema "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku wafanya mambo mengine. Barua lazima utaisoma. Kahindi ataibandika juu ya kasha la damu ya ng'ombe linalokuja kwenu.

Shangazi yako,
Johari


Ngong
2 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimeisoma nikiwa nimeketi bila kufanya jambo jingine lolote, kama ulivyotaka. Kikohozi kimepona. Baridi ndiyo haijanizoea, nalala na soksi. Mkono wako je? Usikamate kamba tena, mwachie Kahindi na wenzake, hiyo ndiyo kazi yao.

Kuhusu swali lako, sijui. Sikufichi, shangazi. Chupa zilibandikwa namba tu kabla hazijatoka hapa, na orodha ya kuonyesha namba ipi ni chanjo ipi imefungiwa na kamati inayosimamia jaribio. Tumefanya hivyo makusudi. Nikijua kwamba Zafarani amepata chanjo niliyoitengeneza mimi, kila nikiangalia damu yake nitatamani kuona mazuri, na nitayaona hata kama hayapo.

Acha nikueleze nilichotengeneza, maana umewaomba watu waingie na huenda wakakuuliza. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo tunavikuza, kisha tunaviua. Kinachoingia shingoni mwa ng'ombe kimekwisha kufa, hakiwezi kumpa ugonjwa. Lakini mwili huwa haujishughulishi sana na kitu kilichokufa. Hukisafisha ukakisahau. Kwa hiyo tunakichanganya na kichocheo, kitu cha kuuamsha mwili ukashtuka na kujifunza. Kichocheo cha chanjo ya zamani huisha nguvu mapema, ndiyo maana wewe humwita Kahindi kila Desemba na kila Juni. Kichocheo changu ni mafuta yaliyopigwa na maji mpaka yakawa matone yasiyoonekana kwa macho, pamoja na dawa itokayo kwenye gome la mti. Yale mafuta hukaa pale pale yalipodungwa, yakaachia kidogo kidogo. Ninatarajia kinga ishike mwaka mzima, na chupa ihimili joto la Mombasa. Miaka sita nimehangaika nayo. Mara nne mafuta na maji yalitengana ndani ya chupa, nikamwaga yote nikaanza upya.

Ili tupime inashika muda gani, mwaka huu hakuna ng'ombe atakayechanjwa Juni, awe amepata mpya au ya zamani. Tutangoja mpaka Septemba. Hilo limo kwenye fomu mliyosomewa.

Penye sindano patatoka kivimbe. Msiogope.

Nisalimie Mbeyu na Ngumbao. Wewe nakubusu mikono.

Mwanao,
Nadira


Utange
14 Februari 2025

Mwanangu Nadira,

Salaam nyingi, na dua zangu zikufikie hapo ulipo. Marahaba. Mkono umepona. Je, wala vizuri? Kahindi amekuona mwezi uliopita alipoleta damu, akaniambia umekonda. Nikamuuliza amekonda kiasi gani, akaanza kufunga kasha lake. Sikupenda alivyonikwepa.

Vivimbe vyako vimetuchezesha kindumbwendumbwe huku. Kwangu mimi vilikuwa kama punje za kunde, vikaisha. Kwa Ngumbao vilikuwa vikubwa kama ndimu, ng'ombe wote sita. Na maziwa yakawapungua siku nne nzima. Mkewe alikuja hapa akiwa na kanga begani, hakuketi, akaniambia, "Bi Johari, huyo mtoto wako ametutilia nini?" Nikamwambia ni mafuta. Akasema, "Mafuta ya gari?" Ikanibidi nimueleze yote uliyoniandikia, matone, gome la mti, virusi vilivyokufa. Sijui nilimueleza sawa au nilikosea, lakini alikunywa chai akaenda zake. Juma lililofuata maziwa yakarudi.

Ila nakwambia ukweli, siku zile nne sikuwa na raha. Nikisikia hodi moyo waruka. Nikimuona mtu njiani naangalia uso wake kwanza ndipo nimsalimu. Nimekaa Utange hii miaka thelathini sijapata kuogopa kukutana na majirani.

Zafarani ana mimba, miezi sita. Kahindi amempima. Asema hana tatizo. Nakuuliza wewe uliyetengeneza: hilo dude halimdhuru aliye tumboni?

Shangazi yako,
Johari


Ngong
3 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Ndiyo kwanza tumeanza na tayari nimemkumbuka yule samaki wa kupaka wa futari yako. Huku nafuturu na Dkt. Agneta, mkuu wangu. Yeye si Muislamu lakini hununua tende akaja kukaa nami, na hiyo namshukuru.

Kwanza Zafarani. Halimdhuru. Tuliwajaribu ng'ombe wenye mimba hapa kituoni kabla ya kuja kwenu, wote wakazaa salama. Mpe pole mke wa Ngumbao. Umeeleza sawa kabisa, hata mimi nisingeeleza vizuri zaidi.

Sasa na mimi nikwambie yangu. Ni kweli nimekonda. Jaribio hili linahitaji ng'ombe wasiopungua sitini mpaka mwisho. Wakishuka chini ya hapo, hesabu haithibitishi kitu, na wanaotufadhili wamesema hawatalipia jaribio la pili. Tulianza na sitini na wanne. Mwezi uliopita mmoja ameuzwa, na mmoja amevunjika mguu akachinjwa. Wamebaki sitini na wawili. Kila Kahindi akipiga simu, kabla hajasema neno nauliza, "Wangapi?" Jana alinicheka. Alikuwa amepiga kunijulisha kwamba mkewe amejifungua.

Niombee, shangazi. Huu ni mwezi wa dua.

Mwanao,
Nadira


Utange
26 Mei 2025

Mwanangu Nadira,

Assalaam alaykum. U hali gani? Nimekuombea Ramadhani nzima na bado nakuombea. Mimi mwili hauna neno, lakini roho yangu haijatulia, na ndiyo sababu barua hii nimeipeleka mwenyewe ofisi ya basi pale Mwembe Tayari badala ya kungoja kasha la Kahindi.

Kwanza kheri. Zafarani amezaa majuma mawili yaliyopita, mtoto wa kike, mwekundu mtupu. Yuwanyonya mpaka yuwasinzia na chuchu mdomoni. Mbeyu naye amepata ndama wawili mwezi huu huu. Tumefurahi.

Sasa lililonileta. Ng'ombe wa Idd wameanza kuingia. Mwaka huu wafanyabiashara wamewateremsha nyuma ya machimbo ya mawe, si mbali na hapa, malori matatu kwa mpigo. Jana nilipita huko nikamuona fahali mmoja amesimama peke yake, mate yamtoka, mguu wa mbele yuwaunyanyua na kuuweka, yuwaunyanyua na kuuweka. Nimefuga miaka thelathini, Nadira. Naujua ule mguu. Nikamwambia mwenye fahali. Akasema amechoka na safari tu. Kahindi ameripoti, lakini asema mpaka waje wapime na watoe amri, Idd itakuwa imepita na nyama imeliwa.

Sisi mwezi wa Juni ndio mwezi wetu wa kuchanja. Na ng'ombe wetu wote humu twawapeleka kwenye birika moja la maji, lile lililo mpakani mwa ua wa Ngumbao. Watu wamekuja kwangu. Wauliza mimi nasema nini. Mimi nami nakuuliza wewe: tungoje mpaka hiyo Septemba, au tufanyeje? Ndama wangu ana majuma mawili.

Nataka jibu lako wewe. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Shangazi yako,
Johari


Ngong
5 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo na matayarisho ya Idd yanakwenda vyema. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Nimelijadili suala lako na wahusika. Kwa mujibu wa mwongozo wa jaribio, chanjo ya nyongeza haijaruhusiwa kabla ya mwezi wa Septemba. Hata hivyo, tunawashauri wafugaji wote wachukue tahadhari zifuatazo: kutowachanganya ng'ombe wao na ng'ombe wageni, kusafisha viatu kwa dawa kabla ya kuingia zizini, na kutoa taarifa kwa Bw. Kahindi mara tu dalili zitakapoonekana. Bw. Kahindi ataongeza ziara zake.

Hongera kwa ndama. Idd njema.

Mwanao,
Nadira


Ngong
16 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimepiga simu yako kila siku tangu Jumatano. Inaita, hupokei. Kahindi nimempata mara moja tu, amesema ugonjwa umeingia, yuko kwa Mbeyu, hawezi kuzungumza, akakata. Sikuwahi kumuuliza habari zako.

Hali yako? Ng'ombe je? Yule mdogo?

Hata kama ni neno moja, niandikie.

Nadira


Ngong
24 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui kama unazisoma barua zangu. Naandika hii hata hivyo, na nitaiandika kwa ukweli wote, kisha utafanya utakavyoona.

Barua yako ya tarehe 26 Mei niliipata tarehe 28, siku mbili kabla ya ile Ijumaa uliyonipa. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikudanganya. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na jibu nililijua kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Kwenye fomu kuna kifungu cha tisa. Kinasema mfugaji anaweza kujitoa kwenye jaribio siku yoyote, bila kutoa sababu, na akachanja ng'ombe wake anavyotaka. Kifungu hicho nilikiandika mimi mwenyewe. Ningekuandikia mstari mmoja tu: shangazi, jitoe, mwite Kahindi awachanje leo. Niliuandika. Karatasi ninayo hapa. Kisha nikapiga hesabu. Ukijitoa wewe, watabaki ng'ombe hamsini na tisa. Na nilijua hutatoka peke yako. Akitoka Bi Johari, atatoka Mbeyu, atatoka Ngumbao, Utange yote itatoka, kwa sababu waliingia kwa ajili yako. Miaka sita yangu ingekwisha pale.

Nikaiweka ile karatasi kwenye droo. Nikajiambia labda fahali yule amechoka kweli. Nikajiambia nitaandika kesho. Siku nane zilipita hivyo. Kisha nikakuandikia ile barua ya tarehe 5, na kila sentensi iliyomo ni sahihi, nami niliichagua kila moja ili nisiguse kile kifungu.

Dkt. Agneta nimemueleza. Akaniuliza, "Ulimwandikia mfugaji au ulimwandikia shangazi yako?" Tumeiandikia kamati pamoja. Wameagiza ng'ombe wote ambao hawajaugua wachanjwe mara moja, na wamekubali kwamba kuanzia sasa ugonjwa ukisikika karibu na jaribio, hakuna kungoja mwezi wowote. Mimi wameniweka kando mpaka watakapomaliza kuchunguza. Ni haki yao.

Na orodha imefunguliwa. Wewe ulipata ya zamani. Mbeyu pia. Ngumbao amepata mpya.

Utaniuliza kama kuwachanja tarehe 28 kungewaokoa. Ng'ombe aliyewahi kuchanjwa, ukimwongezea, kinga hupanda ndani ya siku chache, labda saba. Nimeambiwa ugonjwa ulionekana kwako tarehe 9. Siwezi kuapa kwamba wasingeugua. Lakini nikiulizwa kama mtaalamu, jibu langu ni kwamba wengi wao wangenusurika.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uniambie tu kama uko hai na kama kuna anayekusaidia.

Nadira


Utange
20 Julai 2025

Nadira,

Marahaba. Ni hai. Nimepata barua zako zote tatu, na ile ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mbili, kazi na hasira. Kazi imepungua.

Nitakueleza ilivyokuwa. Idd ilipita Ijumaa. Jumatatu yake Marjani alisimama mbali na majani, mate yamtoka kama uzi. Nilimfungua kinywa, ngozi ya ulimi ikanibakia mkononi. Jumanne ikawa Kidoti. Zafarani yeye alitoka malengelenge kwenye chuchu, hata kumgusa huwezi, wala kumkama huwezi, na kiwele kimejaa yuwalia. Nikawa nawaosha vinywa kwa maji ya magadi asubuhi, adhuhuri na magharibi, na kwato kwa maji ya chumvi. Vidole vyangu vilichubuka vyote. Simu sikuipokea kwa sababu mikono haikuwa mitupu, na ilipokuwa mitupu sikutaka kuipokea.

Yule mdogo hakuugua mdomo. Nilidhani amepona naye. Alhamisi adhuhuri alikuwa amesimama kando ya mamake, mimi nimeinama na ndoo. Nikamuona yuwarudi nyuma hatua mbili, akaanguka. Hakulia. Kahindi akasema ni moyo, kwamba kwa wadogo ugonjwa huu huingia moyoni moja kwa moja. Tulimzika kwa chokaa. Wa Mbeyu walikufa wote wawili, mmoja Ijumaa na mmoja Jumapili. Marjani na Kidoti wamepona lakini maziwa hayajarudi. Zafarani chuchu mbili zimekufa.

Ngumbao sita wake hawakutoka hata lengelenge. Wamekunywa maji birika lile lile, siku zile zile, Nadira. Nimeona kwa macho yangu. Ngumbao mwenyewe alikuwa akiona haya. Alikuwa akipita njia ya nyuma ili nisiwaone ng'ombe wake walivyonona. Kisha akaanza kuniletea maziwa kila asubuhi, ayaweka kizingitini na kwenda zake bila kupiga hodi. Hata leo ameleta. Basi chanjo yako ni nzuri. Hilo sitakunyima, na nitalisema popote.

Sasa hicho kifungu chako cha tisa.

Nilikijua. Kahindi alitusomea Desemba, hapa barazani kwangu, akakisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Mbeyu alikuwa akiongea. Na tarehe 27 Mei, siku moja baada ya kukuandikia, Kahindi alikuja akiwa na chupa za chanjo ya zamani ndani ya kasha. Akaniambia, "Bi Johari, mimi siruhusiwi kukushawishi. Lakini ukisema neno moja, nawadunga sasa hivi." Mbeyu alikuwa ameketi hapa. Nikamwambia, "Ngoja. Nimemwandikia mtoto, atajibu." Mbeyu akasema, "Na mimi basi nitangoja jibu la Nadira." Kahindi akaja tena Ijumaa. Nikamwambia, "Bado." Akaja Jumanne. Nikamwambia, "Barua iko njiani, namjua."

Wadhani ulinificha ruhusa. Ruhusa nilikuwa nayo. Nilichokuuliza ni wewe wasemaje. Ungesema, shangazi naogopa, chanja, ningechanja. Ungesema, shangazi naogopa lakini nakuomba ungoje kwa ajili yangu, wallahi ningengoja, na ndama angekufa mikononi mwangu, na nisingekulaumu, kwa sababu ningekuwa nimechagua mimi. Umeniandikia kama afisa amjibuye mtu dirishani. "Tahadhari zifuatazo." Nilipoisoma nilimpa Mbeyu naye asome, nikaenda jikoni kusimama. Sikuwa na uso wa kumtazama.

Na mimi nina kosa langu. Ndama ni wangu, na kungoja nilingoja mwenyewe. Lakini wale wawili wa Mbeyu hawakuwa wangu, nami ndiye niliyemwambia angoje. Hilo nalibeba, na sitaki unipunguzie.

Kamati yako ifanye itakalofanya. Huku nako pana watu wanaotaka kukuuliza. Ngumbao ataka kujua chanjo mpya itafika lini kwa kila mtu. Wengine wataka kujua kama watadungwa tena bila kuambiwa ni nini. Mbeyu ana swali moja tu, na hakutaka kuniambia ni lipi.

Njoo Jumamosi tarehe 9 Agosti, baada ya alasiri, uwanja wa madrasa. Usimtume Kahindi akujibie, wala usije na karatasi ya kusoma. Mbeyu ndiye atakayeanza. Mimi nitakaa upande wake, kwa hiyo ukikwama usinitafute kwa macho.

Wakimaliza kukuuliza, bila kujali watakavyokuwa wamekuambia, usiende hotelini. Twende nyumbani. Nimekutandikia.

Shangazi yako,
Johari